Maua Yaliyofunguka Kabla ya Wakati: Historia Fupi ya Bustani za Kampala

Kampala haina majira ya baridi. Mji uko karibu kabisa na ikweta, juu ya vilima, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwaka mzima mchana unakaribia saa 12 na usiku saa 12. Hakuna theluji ya kuyeyuka, hakuna miti inayobaki uchi mwezi wa kumi na mbili. Ndiyo maana wageni wanaokuja kufanya kazi na sisi kutoka Ulaya wanauliza mara nyingi: sasa nyinyi mnajuaje kwamba mwaka umegeuka? Jibu ni fupi. Tunaangalia mvua, na kabla mvua haijazoeleka tunaangalia maua.

Nimeandika insha hii juu ya hayo maua. Mtu anaweza kusema ni jambo dogo, na kwenye gazeti la wakimbizi tuko na mambo mazito zaidi: vitambulisho, chakula, karo za shule, kesi za kuhamishwa nchi ya tatu. Naelewa. Lakini ukifuata historia ya maua ya mji huu utakuta ndani yake ardhi, serikali, njaa na wakimbizi wa zamani waliopita hapa kabla yetu. Utakuta pia swali ambalo wamama wengi wa kwetu wanalo moyoni na hawalisemi kwenye mikutano: je, mtu anapanda kitu mahali ambapo anatumaini kuondoka?

Kiangazi ndicho baridi yetu

Tuanze na namna mambo yanavyofanya kazi. Kule Poland ama Uingereza mmea unalala juu ya baridi. Ardhi inaganda, mmea unajificha chini, unangoja joto lirudi. Kuna ua dogo jeupe linalotangulia mengine yote, linatoka theluji ikiwa bado chini. Wapolandi wanaliita przebiśnieg, maana yake ni kitu kinachotoboa theluji. Likionekana, watu wanajua kipupwe kinaisha.

Huku kwetu kinacholaza mmea ni ukavu. Kampala iko na misimu miwili ya mvua: wa kwanza ni Machi hadi Mei, wa pili unaanza karibu Septemba na kumalizika Novemba ama Desemba. Katikati kuna kiangazi mara mbili, na kile cha Desemba hadi Februari ndicho kinachokausha majani mpaka vumbi jekundu linaingia kwenye sahani. Wakati huo kuna mmea mmoja ambao huwezi kuuona kabisa. Majani yake yamekufa, uko chini ya udongo kama kitunguu. Mvua ya kwanza ya kweli ikipiga, unatoa shina moja, na juu ya shina ua jekundu la mviringo, kama mpira uliotengenezwa kwa sindano nyingi. Mara nyingi ua linatangulia majani. Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Sisi kwetu Kivu tulikuwa tunasema tu ua la mvua, na bibi alikuwa anatukataza kuligusa, juu kitunguu chake ni sumu. Ua hilo liko Congo, liko Uganda, liko Tanzania, halina habari ya mpaka.

Basi ua la theluji la Ulaya na ua la mvua la kwetu wanafanya kazi moja. Yote mawili yana chakula kilichowekwa chini ya ardhi, kwa hiyo yanaweza kutangulia wengine. Na yote mawili yanaweza kudanganywa. Kule baridi ikiwa dhaifu ua linatoka mapema, halafu baridi inarudi. Huku kiangazi kikiwa na mvua ndani yake ua linafunguka mwezi wa kwanza, halafu jua linarudi kwa wiki 5. Ua peke yake halina hasara kubwa. Hasara ni kwa mtu aliyeliamini.

Kalenda iliyoandikwa na mashamba

Waganda walijua hayo zamani. Majina yao ya miezi yametoka shambani na porini. Mwezi wa pili ni Mukutulansanja, jina lililotoka kwenye majani makavu ya migomba, juu ni wakati wa ukavu. Mwezi wa tatu ni Mugulansigo, maana yake ni mnunuzi wa mbegu. Mwezi wa nane ni Muwakanya, mwezi wa ubishi: leo mvua, kesho jua, hakuna anayeweza kuapa. Mwezi wa kumi ni Mukulukusabitungotungo, na ndani ya jina hilo refu kuna mvua inayokokota ufuta shambani. Mwezi wa kumi na moja ni Museenene, mwezi wa nsenene, wale panzi ambao wanauzwa wamekaangwa barabarani na ambao wengi wetu tulijifunza kuwala hapa hapa.

Ukiyasoma majina hayo pole pole utaona si mapambo. Ni maagizo. Mugulansigo anakuambia: mwezi huu toa pesa, nunua mbegu. Kalenda hiyo ilikuwa inamwamini mwezi wa tatu kama vile mtu anavyomwamini mjomba wake. Kama mvua ingekuwa inakuja ovyo tangu zamani, hakuna mtu angethubutu kuupa mwezi jina la namna hiyo.

Miti pia ilikuwa na sauti. Kuna mti ambao Waganda wanauita jjirikiti, wenye miiba na maua mekundu ya rangi ya makaa. Unachanua wakati wa ukavu, mara nyingi ukiwa hauna jani hata moja. Kuna kifabakazi, mrefu, wenye maua makubwa ya rangi ya moto. Watoto wanachuma matumba yake na kuyaminya ili maji yaruke kwenye uso wa mwenzao. Watoto wetu wa Katwe na Nsambya wanacheza mchezo huo, na watoto wa Beni na Bunia wanaucheza vilevile. Hiyo miti miwili ni wenyeji. Haikuletwa na mtu yeyote.

Maua yaliyokuja na meli

Lakini mengi ya maua unayoyaona kwenye nyua za Kampala ni wageni kama sisi. Jakaranda yenye maua ya zambarau imetoka Amerika ya Kusini, upande wa Argentina na Bolivia. Bogenvilia, ile inayopanda juu ya kuta za matajiri wa Kololo na Muyenga, imetoka Brazil. Mti wa frangipani, wenye maua meupe na utomvu, umetoka Amerika ya Kati. Leo ukimwambia mtu wa hapa kwamba jakaranda si mti wa Uganda anaweza kukukatalia. Mti umekaa mpaka umesahauliwa kwamba ulifika.

Lango kubwa la mimea hiyo lilikuwa Entebbe, kama kilomita 40 kutoka Kampala. Mwaka 1898 Waingereza walianzisha pale bustani ya mimea pembeni ya Ziwa Victoria, na msimamizi wa kwanza alikuwa Alexander Whyte, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi leo. Bustani hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya watu kupiga picha za harusi, ingawa leo ndiyo kazi yake kubwa siku ya Jumamosi. Ilikuwa mahali pa kujaribu: mpira, kakao, kahawa, miti ya mbao, na maua. Mmea uliofaulu Entebbe ulipelekwa kwenye mashamba na kwenye nyumba za maofisa. Yaani bustani ilikuwa ofisi ya serikali, na ua lilikuwa sehemu ya utawala.

Si kila mgeni alikuja vizuri. Gugu maji, lile lenye ua zuri la zambarau hafifu, asili yake ni bonde la Amazon. Lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda kwa uzuri, wakaliweka kwenye vidimbwi vya bustani zao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria upande wa Uganda, na mto Kagera ukaendelea kulishusha kutoka juu. Miaka ya 1990 lilifunga bandari ya Port Bell, likasumbua mitambo ya umeme Jinja, na wavuvi wakashindwa kupitisha mitumbwi. Mwaka 1995 wakaanza kuachilia wadudu wadogo wanaolikula, na mwisho wa miaka ya 1990 likapungua sana. Nalitaja hapa ili tusiseme kila ua ni baraka.

Wapolandi wa Koja

Sasa nifike kwa wakimbizi waliopita hapa kabla yetu. Vijana ninaofanya kazi nao wanashangaa kila mara nikiwaambia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Uganda ilipokea wakimbizi weupe. Wanadhani natania. Lakini ndivyo ilivyokuwa, karibu watu 7,000 kutoka Poland, wengi wao wamama na watoto.

Njia yao ilikuwa ndefu kuliko ya wengi wetu. Mwaka 1939 Poland iligawanywa kati ya Ujerumani na Umoja wa Kisovyeti. Kuanzia Februari 1940 familia za upande wa mashariki zilianza kutolewa nyumbani usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa, zikapelekwa Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ya nguvu. Wengi walikufa kwa baridi, njaa na magonjwa. Mwaka 1941 Ujerumani iliposhambulia Wasovyeti, mkataba ulifanywa na Wapolandi hao wakaruhusiwa kuondoka. Mwaka 1942 maelfu walivuka kuingia Iran pamoja na jeshi la Jenerali Anders. Wanaume wakaenda vitani. Wamama, wazee na watoto wakatafutiwa mahali, na makoloni ya Waingereza Afrika Mashariki yakawa mojawapo. Meli hadi Afrika Mashariki, treni kuingia bara. Huku Uganda waliwekwa Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja, kwenye rasi inayoingia ziwani upande wa Mukono. Wengine walipelekwa Tengeru karibu na Arusha, kambi iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Fikiria mtu aliyetoka Siberia, ambaye baridi imemuulia mtoto, anashushwa Koja. Hakuna tena baridi, milele. Desemba ni jua na vumbi. Hakuna ua la kutoboa theluji kwa sababu hakuna theluji ya kutobolewa. Kalenda yote ya mama yake haimsaidii kitu.

Walifanya nini? Walijenga shule, hospitali na makanisa. Kanisa la Nyabyeya bado limesimama mpaka leo na watu wanasali ndani. Na walipanda. Picha za kambi zao za Afrika Mashariki zinaonyesha nyumba ndogo za udongo na nyasi, zimepangwa kwa mstari, na mbele yake vitalu vya mboga na maua. Hawakupanda kwa sababu walikuwa wameamua kukaa. Karibu wote walikuwa wanataka kurudi. Lakini vita ilipoisha, sehemu ya nchi waliyotoka ilikuwa imechukuliwa na Wasovyeti, na Poland yenyewe ikawa chini ya utawala waliouogopa. Wengi hawakurudi. Walipelekwa Uingereza, Canada, Australia na kwingine, na kambi zikafungwa mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950. Waliobaki ni wale wa makaburini. Makaburi ya Koja, Nyabyeya na Tengeru yapo mpaka leo.

Napenda wafanyakazi wa mashirika wasome sehemu hii mara mbili. Kuna mawazo kwamba mkimbizi anayepanda maua ameshatulia, ana pesa ya kuchezea, labda hahitaji msaada. Ama kwamba amekata tamaa ya kuondoka. Historia ya Koja haikubali. Wale walipanda wakiwa na njaa ya nyumbani, wakiwa bado wanangoja barua. Kupanda ilikuwa njia ya kuhesabu siku katika nchi ambayo siku zake zote zinafanana kwa mgeni.

Miaka ambayo kiangazi hakikukauka

Nirudi kwa maua yanayofunguka kabla ya wakati. Yamewahi kuonekana zamani pia. Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa zisizo za kawaida zilipiga Afrika Mashariki yote, na miaka iliyofuata ilikuwa na maji mengi vilevile. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Wazee wa hapa wanaokumbuka uhuru wa Oktoba 1962 wanakumbuka pia fukwe na bustani zilizozama.

Halafu ikaja yetu. Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa kubwa sana, na hazikunyamaza ilipofika Desemba. Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto kuliko kawaida, na hewa yenye maji ikasukumwa bara. Januari 2020, mwezi unaotakiwa kuwa wa vumbi, mvua ilikuwa inapiga mabati. Mei 2020 kipimo cha ziwa pale Jinja kilifika mita 13.42, kikapita kidogo rekodi ya 1964. Watu wengi wanaukumbuka mwaka huo kwa korona tu. Lakini waliokuwa na mmea hata mmoja nyumbani wanakumbuka kwamba ile Januari kila kitu kilikuwa kimechanganyikiwa, kijani pale ambapo pangekuwa pakavu.

Ili kuelewa hasara yake, tuangalie kahawa. Uganda ni nchi ya robusta, na mti huo ni mwenyeji wa misitu ya huku na ya Congo, ndugu wa pande mbili. Waganda waliujua kabla ya biashara ya Wazungu. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja la kahawa. Sasa mti wa kahawa ukiwa kwenye kiangazi unatengeneza matumba, halafu unayashikilia. Matumba yamefungwa, yanangoja. Mvua nzuri ikinyesha, baada ya kama wiki moja hivi yote yanafunguka pamoja. Shamba linakuwa jeupe, harufu kama ya yasmini, na baada ya siku 2 ama 3 maua yananyauka. Tunda la robusta linahitaji karibu miezi 10 kuiva.

Yakifunguka yote pamoja, mavuno yanakuja pamoja. Lakini kiangazi kikiwa na mvua kidogo kidogo, Januari mara moja, Februari mara moja, matumba yanafunguka kwa vikundi. Kwenye tawi moja unakuta tunda jekundu, tunda la kijani na ua jipya. Mkulima anarudi shambani mara nyingi kuchuma kidogo kidogo, ama anachuma yote, mabichi na yaliyoiva, na mnunuzi anampunguzia bei. Ua lililotangulia linalipwa na mfuko wa mtu.

Kwa sisi tusio na kahawa, hasara iko kwenye mbegu. Wewe unayesoma ukiwa Nakivale unajua vizuri. Isingiro ni eneo kavu. Mvua ikipiga mwisho wa Januari, ua la mvua likatoka, majani yakaanza kuchipuka, kila mtu anaona jirani yake ameshika jembe na anaogopa kubaki nyuma. Maharagwe yanaingia ardhini. Yanaota kwa siku chache, halafu jua linakaa wiki 4. Yanakufa. Mvua ya kweli inafika Machi, na mbegu haiko. Pesa ya kununua nyingine haiko, na posho ya chakula imepunguzwa. Hapo ndipo ua linageuka kuwa jambo la njaa. Mugulansigo, mnunuzi wa mbegu, anafika na kumkuta mtu ambaye ameshazika mbegu zake mwezi uliopita.

Nani anaruhusiwa kupanda kitu cha kudumu

Kuna jambo lingine la historia ambalo mkimbizi wa Kampala lazima alijue. Katika Buganda, mti si mti tu. Mutuba, mti ambao gome lake linatengeneza kitambaa cha olubugo, ulipandwa nyumbani na pembeni ya kiwanja, na watu wakaujua kama alama ya mpaka. Mtu mwenye migomba iliyokomaa, mitatu ya mutuba na kahawa alikuwa na hoja mbele ya mwenye ardhi. Baada ya mkataba wa 1900, ardhi nyingi ya Buganda iligawanywa kuwa mailo, mali ya machifu na watu wakubwa, na wakulima wengi wakajikuta ni wapangaji kwenye mashamba waliyokuwa wanalima. Sheria ya 1928 iliwapa ulinzi kidogo, ikaweka kiasi cha kodi ya ardhi na ya mazao. Toka wakati huo ugomvi wa mwenye mailo na mwenye kibanja haujaisha, na mpaka leo unajaza mahakama.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Kampala akimuona mpangaji anapanda mti wa mparachichi nyuma ya nyumba, anaona kitu ambacho wewe hukioni. Anaona dai. Sisi kwetu makazini tunapewa ardhi ya kutumia, si ya kumiliki. Hapa mjini tunapanga chumba kimoja, wenyewe wanakiita muzigo, na uwanja wa mbele ni wa kila mtu, wa kuanikia nguo na kupikia. Mti haukubaliwi. Mihogo ya sombe inakubaliwa kwa shida, juu inakaa muda mrefu. Lakini lengalenga inakubaliwa, na ua ndani ya debe linakubaliwa kabisa. Ua halina dai. Unaweza kulibeba.

Ndiyo maana bustani za wakimbizi wa Kampala ziko kwenye vitu vya kubebwa. Jerikani iliyokatwa katikati. Gunia la mchele lililojazwa udongo na kutobolewa pembeni. Beseni lililopasuka. Tairi kuukuu. Nenda Katwe, nenda Kabusu ama Masajja, utaona. Mama mmoja jirani yetu, mtu wa Uvira, amehama nyumba mara 4 ndani ya miaka 6, na kila mara debe la ua lake jekundu limekaa mbele kwenye boda, katikati ya dereva na yeye. Nilimuuliza kwa nini asinunue lingine kule anakohamia. Akanijibu: "Mwanangu, hili linajua miaka yangu."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anasema kitu cha hesabu. Anakumbuka mwaka gani lilifunguka kabla ya Krismasi, mwaka gani lilichelewa mpaka Aprili, na kila tarehe imefungwa pamoja na kitu cha nyumbani: mtoto alizaliwa, mume alipigiwa simu na ofisi, ndugu alizikwa. Ni daftari lisilo na karatasi.

Walioandika, na sisi

Kuna watu waliogundua zamani kwamba daftari la namna hiyo lina nguvu. Mwaka 1736 Mwingereza mmoja anayeitwa Robert Marsham alianza kuandika dalili za kwanza za mwaka kwenye shamba lake huko Norfolk: siku ua la theluji lilipotoka, siku chura alipolia, siku mti ulipotoa majani. Alipokufa familia yake iliendelea mpaka 1958. Huko Kyoto, Japan, tarehe za maua ya miti ya cheri zinapatikana kwenye kumbukumbu za watu wa ikulu na watawa kuanzia mwaka 812. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anafikiria mabadiliko ya tabianchi. Walikuwa wanapenda maua, basi. Lakini mwaka 2021, maua ya Kyoto yalipofika kilele tarehe 26 Machi, watu waliweza kusema kwa uhakika kwamba haijawahi kuwa mapema hivyo kwa zaidi ya miaka 1,200 iliyoandikwa. Na Afrika ya Kusini, watafiti walipekua magazeti ya zamani na kuona kwamba jakaranda za Johannesburg na Pretoria zinachanua mapema kuliko zilivyokuwa miaka ya 1920.

Bila maandishi, mtu akisema "siku hizi maua yanatoka mapema" anaambiwa ni mzee, anakumbuka vibaya. Na mkimbizi anaambiwa hivyo mara mbili, juu hata miaka yake mwenyewe imeandikwa na wengine. Tarehe yetu ya kuzaliwa, kwa wengi, ni Januari 1 kwa sababu karani alikosa nyingine. Tarehe ya kuvuka mpaka iko kwenye kompyuta ya ofisi. Mara nyingi sisi ni watu wa kuhojiwa, si watu wa kuandika.

Kikundi chetu cha vijana pande za Makindye sasa kiko na daftari la kurasa 96. Kila kijana amechagua mmea mmoja ulio karibu na nyumba yao na anaandika mambo manne tu: siku ua la kwanza lilipofunguka, mahali, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na nani alisema nini nyumbani. Hatuna kipimo cha mvua. Tunatumia kopo lililowekwa juu ya bati la choo. Msichana mmoja wa miaka 14 anafuata jjirikiti ya karibu na shule. Mvulana mmoja anafuata debe la yule mama wa Uvira, na mama akihama mvulana atatembea. Tumekubaliana jambo moja kwa ajili ya ndugu zetu walioko makazini: ua likifunguka Januari, tunatuma ujumbe, lakini tunaongeza maneno haya, ngojeni mvua ya pili kabla ya kuweka maharagwe.

Aliye Nakivale, Kyaka, Rwamwanja ama Kyangwali anaweza kufanya hivyo hivyo. Daftari ni bei ndogo na ua ni bure. Kwa wafanyakazi wa mashirika tunaomba kitu kidogo pia: mnapopanga siku ya kugawa mbegu, msiangalie tarehe ya mwisho wa bajeti peke yake. Waulizeni wamama ni nini kimefunguka mbele ya milango yao. Mwaka huu ukurasa wetu wa kwanza unasema ua jekundu, ndani ya debe la mafuta, Katwe, wiki ya mwisho ya Januari, mvua siku 9 kabla, na mwenye debe alisema bado mapema, tungoje.